Wakazi wa Kinywani: Je, bakteria wa fizi wana mkono katika saratani?

Sukutua kwa nusu dakika, tema kwenye kichupa, funga. Hayo ndiyo waliyoombwa kufanya maelfu ya watu wazima nchini Marekani katika miaka ya 1990 na 2000. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamejitolea kushiriki katika tafiti kubwa za afya, na maji yale ya kusukutua yalikuwa sampuli moja tu kati ya nyingi walizotoa.

Vichupa vikawekwa kwenye majokofu ya maabara. Wenyewe wakarudi kwenye shughuli zao, na watafiti wakaendelea kuulizia hali zao kwa takriban miaka 10 hadi 15.

Miaka ikapita. Kati ya watu karibu 160,000 waliokuwa wakifuatiliwa, 236 waliotoa sampuli wakagundulika kuwa na saratani ya kichwa na shingo, kundi ambalo saratani ya kinywa imo ndani yake. Hapo vichupa vyao vikatolewa kwenye baridi, pamoja na vya wenzao waliobaki wazima, ili mate ya zamani yahojiwe upya.

Matokeo yalichapishwa Septemba 2024 katika jarida la JAMA Oncology na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, wakiwamo Soyoung Kwak, Richard Hayes na Jiyoung Ahn. Walisoma vinasaba vya vijidudu vilivyokuwa kwenye mate yale, wakakuta aina 13 za bakteria ambazo kwa pamoja ziliambatana na ongezeko la asilimia 30 la uwezekano wa kupata saratani hiyo. Walipojumlisha na aina nyingine tano zinazojulikana kwa kuharibu fizi, ongezeko lilifika asilimia 50. Fangasi wa kinywani nao walichunguzwa, lakini hawakuonyesha uhusiano wowote.

Takwimu hizo zisomwe kwa utulivu. Asilimia 30 haina maana kwamba watu 30 katika kila 100 watapata saratani. Maana yake ni kwamba pale ambapo ungetarajia wagonjwa 10, sasa utarajie 13. Saratani hii si ya kila nyumba. Lakini mate yale yalitemwa kabla ugonjwa haujagunduliwa, na ndiyo sababu swali la zamani limerudi kwa nguvu mpya: bakteria wa kinywani wanasaidia kuleta saratani, au ni majirani tu waliokutwa eneo la tukio?

> Mate yaliyotemwa na watu wazima wa afya yalikuwa na dalili ambazo hakuna aliyejua kuzisoma.

Mji ulio nyuma ya meno

Mtu wa kwanza kuwaona wakazi hawa alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek. Mwaka 1683 alikwangua ukoga kwenye meno yake mwenyewe, akauweka chini ya kikuzaji alichokitengeneza kwa mikono yake, akaona viumbe vidogo vikiogelea na kuzunguka.

Leo wataalamu wametambua zaidi ya aina 700 za bakteria wanaoweza kuishi kinywani mwa binadamu, ingawa kila mtu huwa na sehemu tu ya aina hizo. Wengi wao ni wema. Wanashika nafasi ambazo wabaya wangezikalia, na wanakaa kwa mpangilio kama watu wa mtaa mmoja: wengine juu ya ulimi, wengine kwenye mashavu, wengine kwenye mpaka wa jino na fizi.

Shida huanzia kwenye mpaka huo. Ukoga usiposafishwa huwa mgumu, fizi huvimba na kutoa damu, kisha hujitenga na jino na kuacha mfuko. Ndani ya mfuko huo hewa ya oksijeni ni haba, na hapo ndipo hustawi bakteria wasioipenda. Wawili kati yao wametajwa sana katika habari hii: *Porphyromonas gingivalis* na *Fusobacterium nucleatum*.

Ugonjwa wa fizi si jambo la wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Watuhumiwa wanaojulikana

Kabla ya kuwanyooshea kidole bakteria, haki itendeke: wahusika wakuu wa saratani ya kinywa wanajulikana, na kesi yao ilishahukumiwa. Ni tumbaku ya aina zote, pombe, na popoo.

Mwaka 2022 inakadiriwa kuwa watu wapatao 390,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na wengine kama 188,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Mzigo mkubwa uko Kusini mwa Asia, ambako popoo na tumbaku ya kutafuna ni mazoea ya karne nyingi.

Mazoea hayo tunayajua vizuri pwani ya Afrika Mashariki. Jani la tambuu, kipande cha popoo, chokaa na tumbaku: mchanganyiko huo wa kutafuna ndio ulioitwa uraibu, kabla neno hilo halijapanuka na kubeba maana ya kitu chochote ambacho mtu hawezi kukiacha. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitangaza kuwa popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu.

Lakini hata baada ya kuwataja hao wote, maswali yalibaki. Kwa nini wavutaji wawili wa sigara, waliovuta miaka sawa, mmoja hupata saratani na mwingine hapati? Kwa nini wapo wagonjwa ambao hawajawahi kuvuta wala kunywa? Majibu mengine yamo katika vinasaba vya mtu, mengine katika virusi vya HPV, hasa kwa saratani za kooni. Na mengine, wanasema watafiti, huenda yamo kwenye ukoga.

Somo lililotoka tumboni

Kwa muda mrefu wazo la bakteria kuleta saratani lilionekana la ajabu. Aliyelibadilisha alikuwa daktari kijana wa Perth, Australia, Barry Marshall. Yeye na mwenzake Robin Warren walisema vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria, si msongo wa mawazo wala pilipili. Hawakusikilizwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao, *Helicobacter pylori*, na baada ya siku chache utando wa tumbo lake ukavimba.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1994, IARC iliwaingiza bakteria hao katika orodha ya visababishi vya saratani ya tumbo. Mwaka 2005 Marshall na Warren walipata Tuzo ya Nobel. Leo mgonjwa mwenye bakteria hao hutibiwa kwa dawa, na hatari yake ya kupata saratani ya tumbo hupungua.

Ndiyo sababu watafiti wa kinywa wana hamu kubwa. Ikiwa ilitokea tumboni, kwa nini isitokee kinywani, ambako bakteria ni wengi zaidi?

Upande wa kwanza: wana mkono

Wanaosema bakteria wanahusika wana hoja tatu nzito.

Ya kwanza ni kuvimba kusikokwisha. Fizi iliyovimba kwa miaka ni kama eneo la vita lisilopata amani. Askari wa mwili humwaga kemikali za kuua vijidudu, na kemikali hizo hugusa pia seli za mwili wenyewe. Seli hufa, nyingine hugawanyika haraka kuziba pengo, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kutokea kwenye vinasaba.

Ya pili ni hila za bakteria wenyewe. *Porphyromonas gingivalis* huweza kuingia ndani ya seli ya utando wa kinywa na kuizuia isijiue. Seli iliyoharibika ina amri ya asili ya kujimaliza kabla haijaleta madhara, na bakteria huyu, kwa faida ya makazi yake, huifuta amri hiyo. *Fusobacterium nucleatum* naye ana protini inayomshikiza kwenye seli na kuisukuma igawanyike. Tena anaweza kuzishika seli za kinga zinazotakiwa kushambulia uvimbe na kuzituliza.

Huyo wa pili ana rekodi nje ya kinywa pia. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Kanada, yaliripoti kumkuta kwa wingi ndani ya saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2024 watafiti wa Seattle wakabainisha ukoo mmoja wa bakteria huyo ambao ndio unaotawala ndani ya saratani hizo. Mkazi wa ukoga anakutwa ndani ya uvimbe wa utumbo: jambo hilo si dogo.

Ya tatu ni majaribio ya wanyama. Mwaka 2015 watafiti wa Jerusalem waliwapa panya kemikali inayoleta saratani ya ulimi. Panya walioambukizwa pia bakteria hawa wawili walipata uvimbe mkubwa zaidi na uliopenya zaidi kuliko wenzao waliopewa kemikali peke yake.

Tuliangalie jaribio hilo vizuri. Bakteria hawakuachiwa kazi peke yao. Kemikali ilianza, wao wakaongeza nguvu. Katika habari yote hii, huenda hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka.

> Kemikali ilianza, bakteria wakaongeza nguvu.

Upande wa pili: nzi juu ya kidonda

Wanaosita nao wana hoja, na hazipuuziki.

Nzi wakijaa juu ya kidonda, si wao walioshika kisu. Uvimbe wa saratani una sehemu zilizokufa zisizo na oksijeni, sawa kabisa na makazi ambayo bakteria wa fizi wanayapenda. Inawezekana saratani ilitangulia, wao wakafuata chakula.

Utafiti wa New York unapunguza uzito wa hoja hiyo kwa sababu mate yalichukuliwa mapema, lakini hauifuti, kwa kuwa saratani huweza kukua kimya kwa muda kabla haijaonekana. Watafiti wenyewe walisema wazi kuwa walichokiona ni uhusiano, si uthibitisho wa chanzo.

Kuna jambo jingine. Mvutaji wa sigara ana fizi mbovu zaidi. Mtu mwenye kipato kidogo hamuoni daktari wa meno mara kwa mara, na mara nyingi chakula chake hakina matunda na mboga za kutosha. Fizi mbovu na saratani vinaweza kuwa watoto wawili wa mzazi mmoja, na hakuna aliyemzaa mwenzake. Watafiti hujaribu kutenganisha mambo haya kwa hesabu, lakini maisha ya watu hayatenganishwi kirahisi kama namba.

London yapindua meza

Julai 2024, miezi miwili kabla ya matokeo ya New York, habari ya kushangaza ilitoka London. Kundi lililoongozwa na Dk Miguel Reis Ferreira, wa hospitali za Guy's na St Thomas' na Chuo cha King's, lilitangaza kuwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo ambao uvimbe wao ulikuwa na *Fusobacterium* waliishi zaidi kuliko wasio nao.

Walipowaweka bakteria hao pamoja na seli za saratani katika vyombo vya maabara, kati ya asilimia 70 na 99 ya seli hizo zilikufa. Bakteria yuleyule anayetuhumiwa kusaidia saratani ya utumbo alionekana akiiyeyusha ya kichwa na shingo.

Je, kundi moja linakosea? Si lazima. Kuanza kwa saratani na kukua kwa saratani ni mambo mawili tofauti. Kinachochochea seli nzima kuharibika huenda ndicho kinachoitia sumu ikishakuwa saratani. Tena jina moja la bakteria hubeba koo nyingi, kama jina la ukoo mkubwa lenye watu wa kila tabia ndani yake. Kwa sasa, anayesema bakteria fulani ni adui tupu amekimbilia hukumu.

Kiwanda cha sumu

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo ushahidi dhidi ya bakteria unaeleweka kwa urahisi zaidi: pale wanapofanya kazi kama mafundi, wakichukua tunachokiingiza kinywani na kukigeuza sumu.

Chukua pombe. Yenyewe mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba, ambayo IARC imeitambua kuwa kisababishi cha saratani pale inapotokana na unywaji wa pombe. Watu wengi hudhani kazi hiyo hufanyika kwenye ini tu. La. Bakteria wa kinywani huianza mapema, pombe ikiwa bado inagusa ulimi. Watafiti wa Helsinki, Finland, walionyesha mwaka 1997 kuwa watu waliosukutua kwa dawa ya kuua vijidudu kwa siku tatu kabla ya kunywa pombe walikuwa na asetaldehaidi kidogo zaidi kwenye mate kuliko kawaida.

Au chukua tumbaku ya Sudan iitwayo toombak. Majani huchachushwa, husagwa, kisha huchanganywa na magadi yaitwayo atrun. Mtumiaji hufinyanga donge dogo, saffa, akalichomeka nyuma ya mdomo wa chini. Vipimo vya toombak vimeonyesha viwango vya kutisha vya nitrosamini, kemikali za tumbaku zinazoleta saratani. Na Sudan inajulikana kwa mzigo mkubwa wa saratani ya kinywa, hasa pale ambapo donge hukaa.

Nitrosamini hizo hutoka wapi? Sehemu kubwa ni kazi ya bakteria. Wakati majani yanachacha, bakteria hugeuza naitreti ya majani kuwa naitriti, nayo huungana na nikotini na jamaa zake kuwa nitrosamini. Nchini Sweden, watengenezaji wa tumbaku ya mdomoni iitwayo snus huipasha moto, joto likawaua bakteria, na nitrosamini zikashuka kwa kiasi kikubwa. Tafiti nyingi za Sweden hazikuonyesha ongezeko la wazi la saratani ya kinywa kwa watumiaji wa snus. Hiyo haifanyi snus kuwa kitu cha kuchezea, kwa kuwa nikotini hufunga mtu kamba. Lakini inafundisha kuwa tumbaku na bakteria wakikutana huzaa kitu kibaya kuliko kila mmoja akiwa peke yake.

> Tumbaku huleta malighafi, bakteria huiendesha mashine.

Anayetumia ugoro, kuberi au tambuu la tumbaku hapa kwetu na apokee somo hilo bila kusubiri utafiti mwingine.

Ocean Road na maswali ya Koch

Mgonjwa wa saratani ya kinywa nchini Tanzania hupelekwa, mara nyingi, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali hiyo ya kando ya bahari ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, aliwahi kufanyia utafiti wake mjini humo.

Koch ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni za kumhukumu kijidudu: kikutwe kwa wagonjwa, kitengwe, kikipandikizwa kwa mzima kilete ugonjwa. Kwa kanuni hizo bakteria wa fizi wangeachiwa huru leo, kwa maana wamejaa katika vinywa vya watu wasio na saratani. Lakini Koch mwenyewe alikuta watu waliobeba vijidudu vya kipindupindu bila kuugua, akalazimika kulegeza kanuni yake. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na wazazi wengi.

Wagonjwa wanaofika Ocean Road hawana muda wa mjadala huo. Wengi hufika ugonjwa umeshaenea: ulimi hausogei, shingo imevimba, kumeza ni taabu. Katika hatua hiyo upasuaji huondoa sehemu ya taya au ulimi, na mionzi hukausha mate. Laiti kidonda kingeonekana kikiwa na ukubwa wa punje ya mtama, habari ingekuwa nyingine.

Tufanye nini sasa?

Hatua ya kwanza ni kuacha tumbaku na popoo, na kupunguza au kuacha pombe. Mswaki hauwezi kufuta madhara ya sigara.

Ya pili ni fizi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliokusanya wagonjwa karibu 8,900 wa saratani ya kichwa na shingo, ulikuta kuwa wanaopiga mswaki kila siku, wanaomuona daktari wa meno kila mwaka na wasio na mapengo mengi walikuwa na hatari ndogo kidogo. Ni kidogo, lakini haigharimu mali nyingi. Mswaki wa dukani unafaa, na mswaki wa mti, uliokuwa na jina hilo kabla ya huo wa plastiki, nao unafaa ukitumiwa vizuri. Fizi inayotoa damu kila asubuhi si ya kuzoewa.

Ya tatu ni onyo. Mtu asikimbilie kumeza antibiotiki wala kujisukutua kwa dawa kali kila siku ili “kuua bakteria wa saratani”. Utafiti wa awali wa kundi hilohilo la New York, wa mwaka 2018, ulikuta bakteria wa makundi ya *Corynebacterium* na *Kingella* wakiambatana na hatari ndogo ya saratani. Anayeuchoma mtaa mzima huwachoma na wema.

Ya nne ni kwa wanaopanga bajeti. Wengi wetu humuona daktari wa meno siku ya kung'oa, kwa sababu huduma ya fizi imehesabiwa kuwa anasa. Ikiwa daktari au tabibu wa meno wa wilaya ndiye anayechungulia vinywa vya watu, basi yeye ni mlinzi wa kwanza dhidi ya saratani hii, na kiti chake kinastahili kuhesabiwa pamoja na mashine za mionzi.

Ya tano ni kioo. Saratani nyingi hujificha ndani ya mwili, lakini hii hukaa mahali panapofikika kwa macho. Mara moja kwa mwezi, penye mwanga, tazama midomo, ndani ya mashavu, kaakaa, chini ya ulimi na pembeni zake. Tafuta kidonda kisichopona, doa jeupe lisilofutika, doa jekundu, uvimbe, au jino linalolegea bila sababu. Papasa na shingo.

Vichupa vya Marekani vilikaa kwenye jokofu miaka mingi vikisubiri sayansi ifike. Sayansi yenyewe bado inahoji mashahidi, na itachukua muda. Kidonda cha kinywani kisisubiri hivyo. Kikipita wiki mbili bila kupona, kesho yake asubuhi mtu awe kwenye benchi la daktari.